Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika hadithi za kupevuka

Wanangu na wajukuu zangu mnaoandika hadithi fupi,

Nimekuwa nikisoma miswada yenu kwa miaka mingi, na mingi kati yake inasimulia jambo moja: kijana anafika ukingoni mwa utu uzima, jamaa zake wanamkabidhi maisha yaliyokwisha kukatwa na kushonwa kwa kipimo chao, naye anakataa kuyavaa. Jambo hilo halijanichosha, na sidhani litanichosha. Kinachonikosesha raha ni wepisi wa kukataa huko. Katika kurasa zenu baba ni katili, mwalimu ni mjinga, majirani ni wambeya, na kijana anapowapa kisogo hapotezi chochote, kwa hiyo hata mimi ninayesoma sioni sababu ya kumhofia.

Nawaomba muwatazame upya watu hao anaowakataa. Kufuata mkumbo kuna utamu wake, nanyi mnaujua: kuitwa kwa jina la utani, kuachiwa nafasi kwenye benchi bila kuiomba, kuanza kucheka kabla kisa hakijaisha kwa sababu wote mnajua kitaishia wapi. Lugha yetu yenyewe imeuwekea upande huo akiba kubwa. Wengi wape, mwacha mila ni mtumwa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mnapowatia wazee wa hadithini methali hizi vinywani, mara nyingi mnazisimamisha ili zipigwe mawe tu, ilhali mzee anayezitamka huenda aliwahi kumzika mtu aliyeondoka peke yake. Mpeni bibi wa hadithi yenu hofu hiyo. Aseme kwa upendo, tena kwa hoja ambayo kijana hana jibu lake, halafu ndipo kijana akatae.

Hadithi ninayoirudia kila ninapotaka kulieleza hili ni ya Alice Munro wa Kanada, iitwayo "Boys and Girls", iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968. Msichana wa miaka 11 anaishi na wazazi wake wanaofuga mbweha kwa ajili ya ngozi, na fahari yake kubwa ni kumsaidia baba kazi za nje badala ya kufungiwa jikoni na mama. Siku moja farasi jike aliyepangiwa kuuawa ili awe chakula cha mbweha anaponyoka, baba anampigia bintiye kelele akimbie kufunga lango, naye anafika langoni na, badala ya kulifunga, analifungua wazi kabisa. Tazameni alichokitenda: hakutoa hotuba, wala hakupanga uasi wowote, na anayemsaliti ni mtu yule yule aliyetamani sifa zake. Farasi anakamatwa na kuuawa vilevile. Baadaye, mezani, mdogo wake wa kiume anamshtaki, na baba, badala ya kumwadhibu, anamsamehe kwa kusema kwamba yeye ni msichana tu. Msamaha huo ndio unaomfungia lango yeye. Mwandishi angemfanya baba kuwa mnyama, hadithi yote ingeporomoka.

John Updike wa Marekani alifanya jambo la jirani na hilo katika hadithi fupi "A&P" ya mwaka 1961, iliyopewa jina la duka la vyakula: keshia kijana anaacha kazi papo hapo kwa sababu meneja wa duka amewaaibisha wasichana walioingia wamevaa nguo za kuogelea, lakini akitoka nje wasichana wamekwisha kwenda zao, na meneja aliyemwacha nyuma ni rafiki wa wazazi wake.

Riwaya inaweza kumlea mhusika kwa miaka. Hadithi fupi ina alasiri moja. Kwa hiyo msiniandikie utoto wote. Tafuteni ile saa ambayo mkono uko kwenye komeo, na tendo moja ambalo haliwezi kurudishwa nyuma.

Mwandishi mmoja kijana aliwahi kuniletea mswada kuhusu darasa lililokubaliana kutozungumza na mwenzao. Katika rasimu ya kwanza mhusika mkuu alisimama na kuwahutubia wenzake kwa aya tatu nzuri, nami sikuamini hata moja. Katika rasimu ya nne hotuba haikuwapo. Msichana aliinua kiti chake nusu, akakisogeza upana wa kiganja kuelekea dawati la aliyetengwa, mguu mmoja wa kiti ukakwaruza sakafu ya saruji, na vichwa vyote vikageuka. Aliyetengwa hakumshukuru. Alisogeza daftari lake mbali kidogo, kwa sababu alidhani ni mzaha mpya. Nilikaa na ukurasa ule mapajani muda mrefu.

Niliguswa namna ile kwa kuwa nami niliwahi kukaa katika darasa kama hilo. Hatukuwa wabaya, tulikuwa marafiki, tulipendana, na kupendana kwetu kulihitaji mtu wa kuachwa nje. Muhula mzima sikumsemesha yule mwenzetu, na kiti changu hakikusogea. Nimejaribu mara nyingi kuandika hadithi ya kijana aliyebaki na kundi, na kila nikifika ukurasa wa pili najikuta namtafutia udhuru. Miswada yenu imejaa vijana wanaoondoka. Ni nadra kumkuta aliyebaki, akajua amebaki, na akakua hivyo hivyo. Kati yenu yuko anayeweza kumwandika bila kumtetea wala kumhukumu. Akiuleta mswada huo, nitausoma kabla ya mingine yote.

Ni mimi,
Mzee wenu