Mdogo wangu, programu yako haijaharibika

Mdogo wangu, habari za huko.

Nimeona meseji yako ya usiku, ati spini zote 1,000 (vile visumaku vidogo vya kwenye programu yako, kila kimoja juu au chini) zimegoma, umeweka uga wa sumaku unaozivuta juu na zenyewe bado zimelala chini, sasa unataka kufuta kodi ya programu uanze upya. Usifute! Hapo hakuna bagi, hiyo ndo metastabiliti yenyewe, yaani mfumo kukwama kwenye hali ambayo si bora kwake. Si unajua maji ya chupa yakitulia friza yanaweza kupita sifuri na bado yakawa maji, ukiyagonga tu yanaganda hapohapo? Yanakuwa yamekosa mbegu.

Kwenye modeli ya Ising, hiyo ya spini zinazopenda kufanana na jirani zao, ikiwa kwenye latisi ya kawaida (gridi iliyopangwa sawasawa), mbegu ni kakundi ka spini zilizogeuka kwa bahati, gharama iko mpakani na faida iko ndani, kakishafika saizi fulani hakarudi nyuma tena, na saizi hiyo haijali latisi yako ni kubwa kiasi gani. Sasa we umetumia neti ya Barabási na Albert, ile ya 1999, yaani mtandao ambao nodi (vituo vinavyobeba spini) chache zina jirani kibao. Huko mpaka hauna unafuu kabisa maana kila kundi limeshikana na neti karibu yote, kwa hiyo mbegu inayotakiwa inakua sambamba na neti na muda wa kusubiri spini zigeuke unapaa kieksponenti. Ndo maana umekesha bure, pole.

Halafu hiyo hoja yako ya kwamba wakubwa, yaani nodi zenye jirani wengi, ndo wanaanza kugeuka, mi siikubali. Piga hesabu: J (nguvu ya spini kushikana na jirani) ni 1, uga 0.5, joto 2. Nodi ya jirani 3 ikigeuka peke yake inalipa 6 (2 kwa kila jirani) toa 1 (mara mbili ya uga), yaani 5, na kwa Metropolis (kanuni ya kukubali au kukataa mgeuko kwa bahati) inakubaliwa kama mara 8 kwa 100. Ya jirani 100 inalipa 199, uwezekano wake ni sifuri nukta, halafu masifuri zaidi ya 40 ndo uanze kuona namba. Wanaanza wadogo, wakubwa wanageuka wakishazungukwa. Labda uzilazimishe nodi kubwa mbili tatu zibaki juu muda wote, hapo kweli mambo yanakimbia, ila hapo umezigeuza wewe.

Cha kufanya, shusha neti iwe nodi 50, pandisha joto na uga kidogo, irudie mara nyingi kwa siidi (namba ya kuanzishia nasibu) tofauti, kisha 100, kisha 150, alafu chora logi ya muda wa kusubiri dhidi ya idadi ya nodi. Ukipata mstari ulionyooka nitumie, ukipinda pia tuma, ila kwanza hakikisha nodi unazichagua kwa nasibu kweli, maana kwenye ile skrinishoti sijaona hiyo laini ya kodi.