Majumba yasiyo na wapangaji Kilimani

Mhariri,

Mimi ni fundi wa mabomba. Mwaka huu nimefanya kazi katika majumba mawili mapya ya ghorofa mtaani Kilimani, na kote mita za maji hazisongi. Hakuna wapangaji. Usiku taa inayowaka ni ya bawabu tu. Hata hivyo wenyewe hawana haraka, hawapunguzi kodi.

Aliyejenga kwa mkopo wa benki hawezi kustahimili hivyo. Anayeweza ni yule asiyehitaji faida: anataka tu pesa zake chafu zigeuke saruji, kisha aje auze akiwa na hati mkononi. Sisemi kila jumba tupu ni la mhalifu. Lakini ni lazima mtu aulize.

Februari 2024 FATF, shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa fedha, yaani kusafisha pesa chafu, liliiweka Kenya kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa udhaifu wa kuzuia uhalifu huo. Sheria ya kuuzuia tunayo tangu 2009, na inawabana hata mawakala wa nyumba waripoti miamala ya kutiliwa shaka. Mimi nikipeleka benki shilingi milioni moja taslimu, nitaulizwa nimezitoa wapi. Je, anayemwaga mamilioni kwenye ploti?

Sajili ya wamiliki halisi wa kampuni ilianzishwa 2020. Ifunguliwe kwa raia wote, ili tujue nani yuko nyuma ya majina ya kampuni zinazomiliki majumba kama haya.

Vijana ninaofanya nao kazi hulala wanne chumba kimoja Kawangware, na asubuhi hutembea kuja kufunga sinki ambazo hakuna atakayezitumia.

Fundi wa mabomba,
Nairobi