Mtindi usichemshwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mtindi, ambao hapa Mwanza wengi wetu tunaunywa kwa mazoea tu. Bakteria rafiki walio hai, waitwao probayotiki, hugombania nafasi na chakula utumboni hata vijidudu vya maradhi vikose pa kujishikiza, na hutoa asidi ya laktiki, ile ile inayoupa mtindi uchachu wake, ambayo vijidudu vingi haviistahimili. Tena huziamsha chembe za kinga zilizo katika ukuta wa utumbo. Kina mama wa Mabatini, hapa hapa Mwanza, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wa aina hiyo, Lactobacillus rhamnosus GR-1, mwaka 2004.

Kinachonisikitisha ni kumwona jirani yangu, mtu msafi kupita kiasi, akiuchemsha mtindi kabla ya kuwapa wajukuu, kwani moto huwaua bakteria hao. Yachemshwe maziwa mabichi, na yakishapoa yakabaki vuguvugu ndipo yatiwe vijiko viwili vya mtindi wa jana.

Hata hivyo, mtindi si tiba ya kipindupindu: anayeharisha mfululizo apewe ORS, yaani dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na awahishwe zahanati, na maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza