Shukrani kwa ndugu wa saiba ya Kondele
Ndugu uliyeketi kando ya dirisha katika saiba moja hapa Kondele, Kisumu, Jumamosi jioni umeme ulipokatika nami nikiwa kwenye shimo la 16 la mashindano ya gofu ya mtandaoni, pokea shukrani zangu za dhati. Uliniwashia hotspoti ya simu yako bila hata kuniuliza jina, kisha ukaninong'oneza kwamba upepo kwenye skrini ulikuwa ukivuma kutoka kushoto, hivyo nilenge kushoto mwa bendera ili mpira usukumwe kuielekea. Ushauri huo, kusema kweli, ulizidi thamani ya bando. Nilimaliza raundi, ushindi sikuupata, wala si neno. Nimemwachia mhudumu pesa za bando lako, tafadhali uzipitie.