Kwa dada yangu wa Kisumu: simu siwezi kuitupa

Dada yangu mpendwa,

Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu ushauri ulionipa, kwamba nifute kila kitu kwenye simu nikae kama watu, ndio ushauri ambao wengi wetu tunaofanya biashara ndogondogo hapa Nakuru hupewa na ndugu wanaotupenda, nasi hatuwezi kuufuata. Katika jambo moja tunakubaliana: mimi ni mraibu wa mitandao ya kijamii, na sina haja ya kubishana nawe juu ya hilo. Ninachotaka kukueleza ni mahali uraibu wenyewe unapokaa, kwa maana nimekuwa nikiuchunguza, na haukai pale unapodhani.

Unadhani unakaa kwenye umbea na picha za watu. Kumbuka kwanza jinsi ninavyouza. Robota la mitumba likifunguliwa, nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, huzipiga picha kabla hata hazijatundikwa, nikaziweka WhatsApp na Facebook, na jua halijawa kali mteja wa Njoro au wa huko kwenu Kondele ameshachagua gauni, amelipa kwa M-Pesa na mzigo wake uko kwenye matatu. Kodi ya kibanda hutoka humo. Wewe ni mwalimu na mshahara wako unakuja mwisho wa mwezi uwe mtandaoni usiwe, kwa hiyo kufuta kwako ni jambo la dakika moja. Usikasirike, hivyo ndivyo kulivyo.

Tatizo huanza mteja akishajibiwa. Bei imekubaliwa, mazungumzo yamekwisha, lakini simu hairudi mfukoni. Kidole gumba kinafungua TikTok, na ninapokuja kuinua macho, mama aliyekuwa akipapasa masweta mbele yangu ameshahamia kibanda cha jirani. Sikumbuki kuamua kuifungua. Hapo, katika hiyo nafasi ndogo kati ya kazi kumalizika na mkono kutulia, ndipo ninapopotea. Bando nalo linachochea. Nikinunua lile la saa moja kwa sababu ya mteja mmoja, hujiona mjinga kuliacha liishe muda likiwa na data, basi naanza kutazama video za watu nisiowajua, nikikimbizana na saa ili nisipoteze pesa ambazo tayari nimezitumia.

Nimesoma kidogo kuhusu jambo hili, nikakuta kwamba kuna watu walioketi wakalipanga. Ule mtindo wa ukurasa usiofika mwisho, ambao ukishuka unazidi kujiongeza, ulibuniwa mwaka 2006 na Mmarekani Aza Raskin, ambaye baadaye alisema wazi kwamba anaujutia. Mwaka 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri kwamba waliojenga mtandao huo walikuwa wakijiuliza namna ya kuuchukua muda na usikivu wetu kwa kadiri kubwa iwezekanavyo. Na kabla yao wote, mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa ameonyesha kwa njiwa na panya kwamba mnyama anayepewa chakula mara moja moja, bila kujua ni lini, hubonyeza kitufe kwa bidii na ung'ang'anizi kuliko yule anayepewa kila anapobonyeza. Unazikumbuka zile mashine za kamari za sarafu zilizojaa vijijini kwetu Vihiga mpaka serikali ikaanza kuzinasa na kuziteketeza? Mimi ninapovuta skrini chini ili nione kama kuna jipya, ninaingiza sarafu. Mara nyingi hakuna kitu. Siku moja kuna maagizo matano kwa mpigo, na ni siku hiyo moja inayonifunga.

Madaktari bado wanajadiliana. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inautambua uraibu wa kamari na wa michezo ya kompyuta, lakini huu wangu haumo. Hata hivyo nilijipima kwa vigezo wanavyotumia kwa michezo hiyo: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea nao hata anapoona unamdhuru. Wao husema hali hiyo iwe imeharibu maisha ya mtu waziwazi, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima, na sidhani nimefika huko. Lakini yule mama wa masweta si wa kwanza kuondoka, na usingizi wangu unaujua mwenyewe, maana huniona niko mtandaoni saa nane za usiku.

Ila nakuomba usiniambie tena kwamba huko hakuna ila takataka. Juni 2024, vijana walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, wengi wetu tuliuelewa mswada ule kupitia simu, kifungu kwa kifungu, kwa lugha tunazozungumza nyumbani. Rais alikataa kuutia saini, na mimi nikaendelea kutazama video zilezile kwa majuma, moyo ukidunda, kana kwamba nisipotazama kuna kitu kitaharibika. Kitu kimoja, mtu yuleyule. Kwanza nilikuwa najifunza, kisha nikawa najichosha tu. Kumwambia mtu afute hakumsaidii kuuona mpaka huo.

Kwa sasa nimefanya hivi. TikTok nimeiondoa, kwa sababu haikuwahi kuniletea mteja hata mmoja. Milio yote nimeizima isipokuwa ya wateja. Jioni nikifunga, simu kubwa inabaki imezimwa ndani ya begi, nami natembea na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, yenye laini ya M-Pesa. Jioni za kwanza zilikuwa mbaya. Paja lilikuwa likihisi mtikisiko wa simu ambayo haikuwepo. Hata sasa sijui nifanye nini na mikono yangu kati ya chakula cha jioni na kulala, na ninashuku kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa wangu ni upweke wa mji ambao sina ndugu.

Kwa hiyo usiku nipigie kwenye kabambe badala ya kunitumia video. Na kuhusu simu mnayotaka kumnunulia Mama mwezi wa Desemba, mchango wangu nitautoa. Muwekeeni WhatsApp awaone wajukuu, mengine yote myaondoe kabla hamjamkabidhi, na akiuliza mwambieni mimi ndiye niliyesema.

Mdogo wako,
Nakuru