Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: kanda za ngoma zisisafishwe hadi zikapoteza sauti yake

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi miongoni mwa wanaocheza rumba na chachacha waliowahi hata kusikia ngoma zetu za asili kama gombe sugu au lelemama. Baadaye Redio Tanzania ilizirekodi ngoma nyingi kwenye kanda za sumaku, na kanda huzeeka. Sisi mafundi wa kuhifadhi sauti tunaomba kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta iwekewe masharti ya maandishi.

Chukua ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyoizungusha duniani marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose. Sanduku lake lina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui, nao ndio unaotoa ule mvumo juu ya kila sauti. Programu ya kuondoa kelele huuona mvumo huo uchafu, ikaufuta. Tena vyuma vyake havifuati kinanda: sauti mojawapo hukaa chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Anayeinyoosha ilingane na kinanda ameondoa Ugogo wenyewe.

Kwa hiyo faili mama, yaani nakala ya kwanza ya kompyuta, iwe ya kilohezi 96 na biti 24 (vipimo vya undani wa sauti), isichujwe kitu. Atakayetaka kusafisha asafishe nakala. Kichwa cha mashine, kile kinachosoma kanda, kirekebishwe upya kwa kila kanda. Kikiinama kidogo tu, njuga na filimbi hufifia, na baadaye hakuna wa kuzirudisha.

Baadhi ya kanda za miaka ya 1970 na 1980 hunata, kwa kuwa gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya unyevu. Kanda ikilia na kuacha tope la kahawia kwenye kichwa, isimamishwe papo hapo. Huokwa taratibu kwa nyuzi 54 za Selsiasi, saa 8 au zaidi, ikapoa kabisa ndipo ichezwe. Ile inayonuka siki ni ya asetati, plastiki ya zamani. Hiyo isiokwe kamwe.

Bajeti husahau karatasi. Jalada lililoandikwa "Ngoma, Dodoma" halimsaidii mtu. Tunahitaji jina la mpigaji, kijiji, ala, shughuli iliyopigiwa, na maneno ya wimbo kwa Kigogo chake. Wapo wazee wanaomtambua mwimbaji kwa sauti tu: waitwe kusikiliza sasa, na walipwe kama wataalamu wengine.

Nakala ziwe 3, moja nje ya Dar es Salaam, na kila kijiji kipewe nyimbo zake. Tunaomba haya yaingie kwenye mkataba kabla kanda ya kwanza haijaguswa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mafundi wa kuhifadhi sauti