Msiwaambie wasomaji wapakue "programu ya kusafisha"

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kompyuta zinazojaa matangazo nimeisoma gazetini, shangazi yangu akanitumia tena kwa simu, kisha mteja akaniletea ukurasa wenyewe umekunjwa mfukoni, akitaka nifuate kama ulivyoandika. Kwa hiyo watu wanawasoma na wanawaamini, ndiyo maana nimeona nisinyamaze. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za majumbani, zile ambazo baba anafanyia hesabu, watoto wanachezea michezo, mgeni anaomba "kuangalia kitu kidogo tu", na mwisho hakuna anayejua nani aliingiza nini.

Mwandishi wenu alimpa msomaji ushauri wa aina mbili: atafute mtandaoni programu ya bure ya kusafisha kompyuta, na ikishindikana afomati, yaani afute kila kitu na kuiweka Windows upya. Ushauri wa kwanza ni hatari. Wa pili mara nyingi ni kazi bure.

Anayeandika kwenye kitafutio "ondoa matangazo kwenye kompyuta" huku kompyuta yake tayari ina kasoro ndiye hasa mtu anayesubiriwa na matapeli. Si jambo la jana. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing na wenzake kwa kuuza programu za kinga za uongo, zikiwemo WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Mtu alioneshwa uskani (ukaguzi wa kompyuta) wa bandia unaohesabu virusi ambavyo havikuwepo, akatishika, akalipa ili visafishwe. Zaidi ya watu milioni moja walinunua, na mwaka 2012 mahakama iliamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 163. Majina yamebadilika, mchezo ni uleule. Wateja wangu wengi hawakuanza na tatizo kubwa. Walianza na tangazo moja la kero, wakapakua "kisafishaji", na hicho kisafishaji kikaja na wenzake.

Tena kisafishaji hakihitajiki. Windows 10 na Windows 11 huja na kinga ya Microsoft Defender ndani yake, bila malipo. Anayetaka kuskani kwa kina atumie ule uskani wa Defender unaofanyika nje ya Windows: kompyuta inajizima na kuwaka yenyewe, inakagua kwa takriban dakika 15, na programu chafu haipati nafasi ya kujificha kwa sababu Windows bado haijaamka. Akitaka jicho la pili, Malwarebytes ina toleo la bure linaloskani na kuondoa, na aichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, asibofye matokeo ya juu yaliyolipiwa. Kuweka antivirasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja ni kuzigombanisha tu. Kompyuta inakuwa nzito na mwenye nayo anadhani virusi vimezidi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, nalo ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Tangazo linaloibuka pembeni mwa skrini, chini kulia, likisema "Kompyuta yako ina virusi 5" au "Kinga yako imeisha muda leo", mara nyingi halitoki kwenye kirusi chochote. Ni arifa ya kivinjari, ile programu unayofungulia kurasa za mtandao, kama Chrome. Kuna siku mtu wa nyumba hiyo alifungua ukurasa wa kutazama mpira au kupakua filamu, ukamwambia "Bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Akabofya. Kuanzia hapo tovuti ile ina kibali cha kumtumia ujumbe hata akiwa anaandika barua ya kazi, na ujumbe huo umevalishwa nembo ya antivirasi maarufu. Skani hata mara mia, Defender itakwambia kompyuta ni safi, na kweli ni safi. Kibali ni chake mwenyewe, kivinjari kinatii.

Dalili yake iko wazi ukiiangalia kwa utulivu: ndani ya kisanduku hicho, kwa herufi ndogo, pameandikwa jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyotuma. Ukiona hivyo, usibofye kisanduku, hata kile kialama cha kufunga ukifikie kwa tahadhari. Kwenye Chrome fungua Mipangilio, Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, na kwa kawaida mwenye kompyuta anaishangaa orodha hiyo kama vile ni ya mtu mwingine. Ondoa zote usizozitambua, kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kabisa kuomba kutuma arifa. Firefox na Edge nazo zina sehemu ya namna hiyo. Kazi yote inaisha kabla chai haijapoa, na kwa kweli naona haya kuitoza hela.

Kama arifa si tatizo, na badala yake ukurasa wa mwanzo umebadilika, utafutaji unakupeleka usikokujua, au matangazo yamejipachika katikati ya kurasa ambazo zamani zilikuwa safi, basi angalia viendelezi vya kivinjari, vile vijiprogramu vya nyongeza vinavyopachikwa ndani yake. Hapo watu wananibishia. "Hicho ni cha kubadilisha faili za PDF tu." Sawa, lakini wakati wa kukiweka kiliomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote, nawe ukakipa. Na kiendelezi kilichokuwa kizuri mwaka jana kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, kikajisasisha kimyakimya kikiwa na tabia mpya. The Great Suspender, kilichopendwa sana kwa kupunguza mzigo wa kurasa nyingi, kilipata mwenye mpya mwaka 2020 na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Ushauri wangu ni mkali kidogo: zima vyote, tumia kivinjari siku nzima, kisha rudisha kimoja kimoja vile tu ulivyovikosa. Vingi hutavikumbuka hata majina.

Kuna alama moja nyingine ambayo fundi yeyote akiiona kwenye kompyuta ya nyumbani anainua nyusi: kivinjari kuandika kwamba kinasimamiwa na shirika lako. Shirika gani, sebuleni? Wakati mwingine ni antivirasi halali iliyoweka mpangilio wake, lakini mara nyingi ni programu iliyojipa madaraka ya meneja ili kiendelezi chake kisiondolewe. Hapo ndipo ninapokubali mtu amwite fundi.

Na hapa ndipo ushauri wa kufomati unapoonekana udhaifu wake. Mteja anafomati, anapoteza picha za harusi ambazo hakuzinakili popote, kisha anaingia kwenye akaunti yake ya kivinjari, na kivinjari kwa uaminifu wote kinamrudishia viendelezi vyake, na kile kibaya kimo. Kufomati kuna siku yake, sikatai, ila isiwe dawa ya kwanza kwa tatizo ambalo hakuna aliyelichunguza.

Zile kurasa zinazojaza skrini nzima, zinazopiga king'ora na kukupa namba ya simu ya "Microsoft", nazo ni ukurasa wa kawaida wa wavuti uliojitanua. Shikilia kitufe cha Esc mpaka skrini irudi kawaida, ufunge. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, kikomeshe. Ukikifungua tena kikakuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa. Microsoft imeshasema maonyo yake ya kweli hayana namba ya simu kamwe. Ukipiga namba hiyo, mtu mpole sana ataomba uweke programu ya kumruhusu aiendeshe kompyuta yako akiwa mbali, na kuanzia hapo tatizo lako si matangazo tena.

Lingine lililonisumbua katika makala ni kuchanganya matangazo na programu-jasusi kana kwamba ni kitu kimoja, na kumwambia msomaji kwamba "kompyuta isiyoonyesha matangazo ni salama". Mhariri, jasusi hapigi honi. Tangazo linataka ulione. Mwizi wa nywila anataka usimwone kabisa. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba katika miezi miwili tu, kuanzia 16 Machi hadi 16 Mei, ilitambua kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa Lumma, programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Njia mojawapo inayotumika kuingiza wezi wa aina hii inafanana sana na ule mchezo wa roboti: ukurasa unakuambia uthibitishe kwamba wewe ni binadamu kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukurasa umeshakunakilia amri bila wewe kujua. Vidole vyako ndivyo vinavyoibandika na kuiendesha. Hakuna ukurasa wa kweli unaoomba hivyo. Kama kuna sentensi moja ya barua hii mnayoweza kuichapa kwa wino mzito, iwe hiyo.

Aliyekwisha kufanya hivyo asianze kubadilisha nywila kwenye kompyuta ileile, kwa sababu jasusi anaweza kuwa bado yumo akisubiri hizo mpya. Achukue kifaa kingine kilicho safi, aanze na nywila ya barua pepe, maana anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba kubadilisha nywila za kila kitu kingine. Kisha aitoe akaunti kwenye vifaa vyote ilikofunguliwa. Watu huiruka hatua hii. Wezi hawa hubeba pia vidakuzi, vijifaili vya kivinjari vinavyoiambia tovuti kwamba wewe umeshaingia, na akiwa navyo mwizi huenda asiulizwe nywila wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Baada ya hapo kompyuta iskaniwe, na katika hali hii, ndiyo, hata kufomati ni haki.

Nimebakiza jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja. Nilifungua makala hiyohiyo kwenye tovuti yenu ili nimwonyeshe mteja wangu. Kando yake, pale pale pembeni mwa aya inayosema pakua programu ya kusafisha, palikuwa na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Pakua". Hakikuwa chenu, kilikuwa tangazo. Mteja wangu alikuwa ameshanyoosha kidole.

Najua mtasema nafasi hizo huuzwa na kampuni ya matangazo na ninyi hamchagui kinachotokea. Naelewa. Dirisha la tangazo linaloruka lenyewe lilizaliwa kwa kisingizio kama hicho: Ethan Zuckerman, aliyeliandikia msimbo alipokuwa Tripod.com, tovuti ya kuwawekea watu kurasa zao, miaka ya 1990, alieleza katika jarida la The Atlantic mwaka 2014 kwamba kampuni moja ya magari ilichukia kuona tangazo lake kwenye ukurasa wa mambo ya aibu, ndipo wakalitenga katika dirisha lake lisionekane kuhusiana na ukurasa. Katika maandishi hayohayo aliomba radhi. Msomaji haoni mpaka huo. Anaona jina la gazeti lenu juu, na kitufe chini yake. Na wale wa WinFixer, kwa mujibu wa FTC, walinunua nafasi wakijifanya wanatangazia makampuni halali, wakaficha msimbo uliompeleka msomaji kwenye uskani wao wa bandia. Tovuti zilizowabeba hazikujua.

Ninachoomba ni kwamba mchapishe marekebisho mahali palepale ilipotoka makala, kwa ukubwa uleule, na anayesimamia tovuti azuie matangazo ya aina ya "pakua", "sasisha" na "safisha" kwenye kurasa zenu za teknolojia. Kampuni za matangazo huwa na mpangilio wa kuzuia makundi ya namna hiyo. Nikikiona tena kitufe kile nitawatumia picha yake, pamoja na saa niliyokiona na anwani kinakopeleka, kwa sababu matangazo hayo hubadilika kila mtu anapofungua ukurasa na bila hayo mtaalamu wenu hataweza kumfuatilia aliyeyaweka.

Wenu,
Fundi wa kompyuta za majumbani
Jina kapuni